Kuzamia mbali na Kivu: Unguja, Mafia, Pemba na Bahari ya Shamu kwa mtu ambaye lazima arudi Goma

Wengi huchagua mahali pa kuzamia kwa picha: kasa, mwamba wenye rangi, maji ya samawati. Kwa mtu wa Goma au Bukavu, picha zije baadaye. Kitu cha kwanza cha kupima ni njia ya kurudi nyumbani. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kuifikia ukitokea Kigali, barabara ya Musanze hadi Gisenyi inapanda kupita mita 2,000. Anayerudi Bukavu kwa kupitia msitu wa Nyungwe naye hupanda hivyo hivyo. Mtu wa Dar es Salaam akitoka majini anakwenda zake nyumbani kula wali. Wewe ukitoka majini una mlima mbele yako, na mlima huo ndio unaoamua uzamie siku ngapi, wapi, na siku ya mwisho ufanye nini.

Sababu yake mtu wa Kivu anaielewa upesi kuliko mwingine yeyote, maana ziwa letu lenyewe linafanya kazi hivyo. Maji ya chini kabisa ya Kivu yameshika gesi nyingi kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Kibuye, huvuta maji ya kina cha zaidi ya mita 300. Yanapopanda bombani shinikizo hupungua, gesi inatoka kwa viputo, na hapo ndipo umeme unapoanzia. Mwili wa mzamiaji ni vilevile. Kule chini umeshika naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi. Ukipanda taratibu na kupumzika, naitrojeni hiyo hutoka kwa pumzi bila madhara. Ukipanda haraka, iwe kutoka majini au kutoka pwani kwenda mlimani, inatoka kwa viputo ndani ya damu na kwenye viungo.

Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji wengi ni huu: baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, ngoja angalau saa 12 kabla ya ndege. Baada ya mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Baada ya mbizi zenye vituo vya lazima, zaidi ya 18 kwa kiasi kikubwa. Saa hizo zilipangwa kwa kimo cha takriban mita 600 hadi 2,400, na ndiyo maana zinatuhusu hata tusipopanda ndege. Goma imo katikati ya vipimo hivyo. Wapo wanaodhani wamekwepa tatizo kwa kuiacha ndege na kupanda treni ya Mombasa–Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo treni hiyo ni ndege yenye magurudumu. Kulala Addis Ababa ukisubiri kuunganisha safari hakusaidii chochote pia: uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300, karibu sawa na shinikizo la ndani ya ndege angani.

Kwa msafiri wa Kivu tunashauri saa 24 kamili, na 30 kama umezamia siku nne au zaidi. Kisha lala Kigali usiku mmoja kabla ya kuchukua gari la Gisenyi. Usiku huo hugharimu kitanda kimoja na chakula, na unakuepusha pia kufika mpakani saa mbovu, Grande Barrière imefungwa.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu aende mbali ilhali ziwa liko mlangoni. Kivu inafaa kwa mazoezi ya kuelea na kutoa maji kwenye miwani. Maji ni ya vuguvugu, nyuzi 23 hadi 25 juu, na hayana mawimbi makubwa. Lakini aina za samaki ni chache, na hata sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tena ziwa liko mita 1,460, ambapo hewa ina shinikizo la takriban asilimia 85 ya lile la pwani. Mita 30 za Kivu zinauhesabia mwili wako kama mita 34 au 35 za baharini, kwa hiyo jedwali la kawaida la muda wa mbizi linakudanganya, na kompyuta ya kuzamia isiyotambua kimo inakudanganya vilevile. Na kuna mazuku, yaani kabonidioksidi inayotoka ardhini. Gesi hiyo nzito hukaa kwenye mabonde na vishimo vya ufuko, haina rangi, na huua mbuzi na watu. Kompresa ikiwekwa chini kwenye kishimo cha namna hiyo itajaza mitungi hewa mbaya. Bomba lake la kuvuta hewa liwe juu, mahali penye upepo.

Turudi kwenye safari. Kabla ya kuchagua kisiwa, chagua mwezi. Kwetu likizo hazichaguliwi, zinapangwa na shule, na bahari ina ratiba yake.

Likizo kubwa ya Julai na Agosti huangukia kusi, upepo wa kusini-mashariki. Pwani za mashariki huchafuka, maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi, na boti hurudi bila kuzamisha mtu. Wakati huo tafuta upande wa magharibi: mbele ya Mji Mkongwe, magharibi ya Pemba, au ndani ya ghuba ya Chole kule Mafia. Likizo ya Krismasi ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki: maji yana joto la nyuzi 28, na nje ya miamba kunapitika. Pasaka karibu kila mwaka inaingia kwenye masika. Mito inamwaga matope, hoteli nyingi za visiwani hufunga Aprili na Mei, na mwenye duka la kuzamia anayekuambia kwamba "hali ni nzuri tu" mwezi huo anataka nauli yako. Walio huru kuchagua waende tangambili, pale upepo mmoja unapochoka na mwingine haujaanza: Oktoba na Novemba, au Februari hadi katikati ya Machi. Hapo bahari hulala kama ziwa.

Baada ya mwezi, angalia mwezi wa angani. Mtu wa ziwani hajazoea kupwa na kujaa, na hapa ndipo wengi wa kwetu hushangaa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani ya Tanzania hupanda na kushuka mita 3 hadi 4 ndani ya saa sita. Maji mengi kiasi hicho yakipita kwenye mlango mwembamba wa mwamba, mkondo unakuwa mkali kuliko miguu yako. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua na mbizi huwa tulivu. Anayeanza achague wiki ya maji mafu. Ukiwa na kalenda ya mwezi, hesabu siku saba baada ya mwezi mpevu na panga siku zako hapo katikati.

Unguja

Kwa safari ya kwanza hapa ndipo tunapopendekeza, lakini kwa upande ambao watu hauwavutii sana. Wengi hukimbilia Mnemba, kaskazini-mashariki. Mnemba ni nzuri: kasa, pomboo, makundi ya changu, maji safi. Pia ni mbali kwa boti, kuna ada za eneo la hifadhi juu ya bei ya mbizi, na asubuhi za msimu unaweza kukuta boti nyingi zimefunga mahali pamoja hadi chini mnagongana mapezi.

Upande wa Mji Mkongwe ni wa kimya zaidi. Mwamba wa Pange una kina cha mita 14 tu, kwa hiyo ndipo wanaojifunza hupelekwa, na hewa ya mtungi mmoja hudumu. Karibu na hapo kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandika nyaya za simu iliyozama 1902, kwenye mita 12. Vyuma vimevaa matumbawe, mikunga wamekaa kwenye matundu, na mwanga unafika hadi chini. Kwa mtu mwenye mbizi kumi kwenye daftari lake, mabaki ya kina kifupi namna hiyo ni shule nzuri kuliko ukuta wa mita 40. Kasoro yake ni uwazi wa maji. Karibu na bandari unaweza kuona mita 10 tu siku mbaya, na asiyejua hudhani amedanganywa.

Leven Bank, kaskazini ya kisiwa, waachie wenye uzoefu. Ni mwamba ulioinuka kutoka maji marefu, mkondo haupumziki, na kolekole na jodari wanapita kwa kasi. Ukipelekwa huko siku yako ya pili bila kuulizwa daftari lako, hiyo ni alama kwamba duka hilo halikufai.

Bei za boti kwa mbizi mbili, vifaa vikiwemo, mara nyingi huwa kati ya dola 100 na 180, Mnemba ikiwa juu. Uliza kama ada za hifadhi zimo. Uliza pia kama chakula na maji ya kunywa yamo, maana kutwa nzima ya jua bila maji huongeza hatari ya viputo. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima yake kwa wageni. Hiyo haichukui nafasi ya bima ya kuzamia, kama ya shirika la DAN, ambayo hulipia chumba cha shinikizo, yaani mahali mwenye viputo anapotibiwa, na kusafirisha mgonjwa.

Mafia

Ukituuliza mahali pamoja tu kwa mtu wa Goma mwenye mbizi kati ya 10 na 40, jibu letu ni Mafia. Ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania, tangu 1995, na wingi wa samaki unaonyesha. Chewa wakubwa, taa waliojifunika mchanga, kasa, na matumbawe ya maua ambayo sehemu nyingine yamekwisha. Watu ni wachache. Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa, kwa hiyo hata kusi ikivuma kuna mahali pa kuzamia.

Siri ya Chole ni saa. Maji yanapojaa huingiza maji safi ya bahari kuu, na unaona mbali. Yanapokupwa, yale yaliyokuwa kwenye mikoko na mchanga wa ghuba hutoka kwa nguvu yakibeba vumbi lote, na mlango wa Kinasi unageuka mto. Kwa hiyo mbizi hupangwa kwa saa ya maji, hata kama ni saa kumi alasiri. Duka linalotoka kila siku saa tatu asubuhi bila kujali maji yako wapi halijui ghuba yake.

Na Mafia ina kitu kinachotatua ule mlima wetu. Kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe hujikusanya upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, wakila vijidudu vya maji. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana ubaya na mtu. Hutazamwa kwa miwani na mrija tu, bila mtungi, ukielea juu ya maji. Ukielea juu huongezi naitrojeni ya maana mwilini. Basi mitungi iwe siku za mwanzo, papa potwe awe wa siku ya mwisho. Zile saa 24 za kungoja, ambazo mahali pengine unazimaliza kwenye kiti cha plastiki ukitazama wenzio wakienda majini, hapa ndizo saa bora za safari yote. Ila usianze kushindana kupiga mbizi za pumzi hadi mita 15 mara ishirini. Elea. Kaa mita tatu au nne kutoka kwake, usimguse, usimkatie njia mbele ya kichwa, na jihadhari na mkia.

Namna ya kufika: ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, karibu nusu saa, au gari hadi Nyamisati na feri hadi Kilindoni. Feri ni ndefu na ya kuchosha, lakini iko usawa wa bahari. Ukirudi kwa feri, saa zako za kungoja zinaendelea kuhesabika ukiwa safarini, na unaweza kulala Dar kabla ya ndege ya Kigali. Ndege ndogo ina mambo mawili: hupanda juu bila kuongezwa shinikizo ndani, kwa hiyo ni ndege kamili kwa hesabu ya naitrojeni, na mara nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu.

Kasoro za Mafia: ada ya hifadhi hulipwa kwa kila siku, benki ni chache, na huduma ya hospitali ni ndogo. Uende na fedha za kutosha mkononi.

Pemba

Pemba ndiyo kilele cha pwani hii, na kwa sababu hiyo isiwe ya kwanza. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha takriban mita 800, kwa hiyo miamba haiteremki polepole. Inakatika. Unaogelea pembeni ya ukuta, kushoto matumbawe, kulia samawati isiyo na chini. Siku njema za kaskazi unaona mita 30 na zaidi. Kisiwa cha Misali, ambacho jina lake Wapemba hulihusisha na msala wa kuswalia, kina bustani za matumbawe za kina kifupi zinazofaa kuanzia. Milango ya Njao na Fundo, kaskazini-magharibi, ina kuta na mikondo.

Mwenye mbizi chini ya 30 asubiri. Hatari ya ukuta ni kwamba jicho halina sakafu ya kupimia. Mtu anamfuata kasa, anatazama kompyuta, yuko mita 36 na hakukusudia. Pia kuna mikondo inayovuta kwenda chini. Ikikushika, usishindane nayo kwa kupanda wima ukikumbatia mwamba bila mpango. Ogelea utoke ukutani kuelekea maji ya wazi, ongeza hewa kidogo kidogo kwenye jileti yako ya kuelea, na ukisikia imekuachia toa hewa hiyo upesi kabla haijakurusha juu. Kila mmoja awe na boya lake la kupuliza na uzi, maana boti hufuata wazamiaji kwa macho na kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani hata mita 200.

Kenya, Malawi na Tanganyika, kwa kifupi

Watamu ni hifadhi ya tangu 1968, bora kuanzia Desemba hadi Machi. Mei hadi Julai wengi hufunga. Mombasa kuna Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi 2002, kwenye takriban mita 30. Ukiwa na ndugu Nairobi au Mombasa, gharama inashuka na safari ina maana. Bila hao, Mafia inakupa zaidi kwa fedha ileile.

Ziwa Malawi ni paradiso ya samaki wadogo wenye rangi, na hakuna ziwa lenye aina nyingi kulizidi. Liko mita 474 tu, na ni jibu zuri kwa wenzetu wa Lubumbashi, walio kwenye mita 1,200 hivi na wenye njia ya Zambia. Wakumbuke kichocho: wiki kadhaa zikipita baada ya kurudi, wapimwe na watumie dawa. Kutoka Goma, nauli inakula faida yote.

Tanganyika iko karibu kwa macho, mita 773. Upande wa Kigoma maji ni safi na mawe yamejaa samaki. Lakini huduma za kuzamia ni haba. Karibu na mdomo wa Ruzizi, upande wa Uvira, kuna mamba na viboko. Hapo usiingie majini kabisa.

Bahari ya Shamu

Misri ina sifa moja ambayo mwambao wetu hauna: unaweza kuzamia ukitoka ufukoni kwa miguu. Dahab unavaa vifaa, unatembea, umefika kwenye mwamba. Hakuna boti, kwa hiyo bei ya mbizi hushuka, na kwa anayetaka mbizi kumi na tano ndani ya wiki moja hesabu yake inaweza kuwa nafuu kuliko Zanzibar hata baada ya tiketi kubwa ya ndege. Na ndilo chaguo la Pasaka, kwa kuwa masika haifiki huko.

Sharm el-Sheikh ina Ras Mohammed na, kwa safari ya boti inayoondoka alfajiri, Thistlegorm: meli ya Uingereza iliyopigwa na ndege za Ujerumani tarehe 6 Oktoba 1941. Imelala kwenye mita 30, na malori na pikipiki za vita bado zimepangwa ndani ya tumbo lake. Hakuna mabaki ya meli katika mwambao wetu yanayolingana nayo. Lakini kuingia ndani ya meli bila mafunzo ni kujitafutia kifo, na mkondo wake unaweza kugeuka wakati uko kwenye kamba ya kupandia. Kule Dahab, shimo maarufu la Blue Hole lina tao lililo zaidi ya mita 50. Wengi wamekufa hapo wakijaribu kulipita kwa hewa ya kawaida. Zamia ukingoni, pana uzuri wa kutosha.

Februari maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22. Suti ya milimita 3 iliyotosha Zanzibar itakutetemesha huko. Chukua ya 5 au 7.

Uzito: kosa la mtu wa ziwani

Aliyejifunza kwenye Kivu au bwawani akiingia baharini na risasi zilezile za kumzamisha hatazama. Ataogelea kichwa chini, apige mapezi, amalize hewa, na aseme bahari ni ngumu. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Chukua uzito wako pamoja na vifaa vyote. Ukifika kilo 100, ongeza kilo 2.5 juu ya zile ulizozoea ziwani. Bahari ya Shamu ina chumvi zaidi, ongeza nusu kilo nyingine.

Jambo la pili ni mtungi. Maduka mengi ya Afrika Mashariki hutumia mitungi ya alumini ya lita 11 hivi, inayojazwa bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo). Hewa yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 2, kwa hiyo mtungi unaokaribia kwisha huanza kuelea, na wewe nao, pale pale unapotakiwa kutulia mita 5 kwa dakika 3. Pima uzito kwa mtungi wenye bari 50: simama wima juu ya maji, jileti haina hewa, pumua kawaida. Maji yakifika usawa wa macho, umepata. Ukitoa pumzi uzame taratibu.

Hesabu ya hewa pia uifanye mwenyewe. Mtungi huo una lita 2,200. Acha bari 50 za akiba, yaani lita 550, unabaki na 1,650. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, huvuta 60 akiwa mita 20. Ni dakika 27, basi. Duka likikuahidi saa nzima kwa kina hicho, mwambie akuonyeshe hesabu.

Dukani, kabla ya kulipa

Kiswahili chako ni mali hapa. Ongea na vijana wa kompresa na nahodha, usiishie kwa mtu wa mapokezi. Lahaja zetu hazifanani, lakini heshima inafungua mlango: salimia vizuri, mwite nahodha kaka au mzee kwa umri wake, kisha omba kuona mambo haya.

Kompresa inavuta hewa wapi? Bomba likiwa karibu na jenereta au moshi wa boti, mitungi ina moshi wenye sumu. Fungua mtungi kidogo, nusa, onja. Hewa njema haina harufu wala ladha. Ikinuka mafuta au mpira ulioungua, rudisha. Tazama tarehe iliyopigwa kwenye bega la mtungi: kupimwa kwa shinikizo ni kila miaka 5.

Oksijeni iko botini au imebaki ofisini? Iwe botini, na geji yake isome imejaa. Uliza chumba cha shinikizo kilicho karibu ni kipi na nani anapigiwa simu. Anayejibu papo hapo amewahi kulifikiria. Anayecheka hakufikiria.

Funga kidhibiti hewa kwenye mtungi, fungua valvu, pumua mara nne ukitazama geji. Sindano ikicheza kila unapovuta, valvu haijafunguka vizuri au kichujio kimeziba. Sindano itulie. Wenye kidhibiti chao cha mtindo wa kukaza kwa skrubu ndani ya valvu waulize kama duka lina adapta, kwa sababu mitungi mingi ya pwani ni ya kubana kwa nje.

Cheti cha Kifaransa cha Niveau 1 au cha CMAS nyota moja kinakubalika katika maduka mengi, ila waeleze kwa maneno umefundishwa hadi kina gani na kama ulikuwa chini ya kiongozi. Beba daftari lako la mbizi. Bila hilo wataanza na wewe upya, na wanafanya vizuri.

Mzigo na dawa

Usifunge suti yenye maji kwenye mfuko wa plastiki. Rwanda, Kenya na Tanzania zote zimeipiga marufuku, na mpakani Gisenyi itachukuliwa mbele yako. Nunua mfuko wa turubai usiopitisha maji. Karte jone iwe pamoja na pasipoti, maana anayetoka Kongo huulizwa chanjo ya homa ya manjano. Dola ziwe safi, zisizopasuka, na za kuanzia 2009. Ukali wa wabadilishaji fedha wa Goma unaujua, wa Dar ni ndugu zao.

Pwani kuna malaria. Mwambie daktari kwamba unakwenda kuzamia, ili asikuandikie mefloquine: kizunguzungu na wasiwasi inaouleta hufanana na dalili za ugonjwa wa wazamiaji, na hakuna atakayejua anatibu nini. Mafua yakikushika, usizamie. Sikio lisilofunguka kwa kubana pua na kupuliza taratibu halilazimishwi. Ngoma yake inaweza kupasuka hata mita 3 tu.

Na ukiwa tayari kwenye gari, umepita Musanze, ukasikia maumivu mazito ya bega au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, vidole kuchomachoma, upele wa madoa au uchovu usio wa kawaida, usimeze dawa ya malaria ukalala. Usiendelee kupanda. Geuza gari uteremke Kigali, mahali pa chini kuliko pale ulipo, na ukienda hospitali omba oksijeni safi kwa maski. Mwambie daktari kwa neno la kwanza: "Nilizamia kwa mtungi, siku kadhaa, mbizi ya mwisho ilikuwa saa fulani, kina fulani." Mpe kompyuta yako ya kuzamia mkononi, kisha piga simu ya dharura ya bima. Usitegemee kupata chumba cha shinikizo Goma wala Bukavu. Namba hiyo iandike kwenye karatasi ndani ya pasipoti, kwa sababu simu huisha moto kwenye barabara hiyo.